Programu Iliyoikataa Linux Yetu

Temeke, Jumanne usiku, 1999

Hasira bado zimenikaba. Kutwa nzima nimehangaika na programu ya kurushia masomo ya sauti kwenye kompyuta za darasa letu la wasioona. Imegoma, eti hailitambui toleo letu la Linux, mfumo unaoziendesha kompyuta hizo. Nikampigia simu aliyetuuzia programu hiyo.

"Toleo hilo hatulihudumii, sista. Nunueni jipya."

Na ni yeye aliyetuwekea Linux hiyo!

Bi Zainabu, mwanafunzi wetu mwenye mtihani kesho asubuhi, alisubiri tangu asubuhi. Jioni akapapasa fimbo yake. "Basi, mwanangu. Nitajibu ninachokumbuka."

Nilibaki. Nikafungua faili la programu, nikafuta mstari unaokagua toleo. Sauti ikatoka safi kwenye kompyuta zote, chumba kitupu.

Mstari mmoja, jamani! Na yule mama anaingia mtihani bila kulisikia somo.