Virungu vya Meneja na Moto wa Mjomba Hiza

Kambi ya Shamba la Mkonge,
Mazinde, Korogwe.
18 Aprili 1967

Mpendwa Mjomba Hiza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshiba, na mguu wako umeacha kukusumbua. Mkazamjomba Fatu je, macho yake yanaendeleaje? Mvua za huko Chanika zimewapa mahindi au magugu tu? Hapa zinanyesha hadi kuni zinaota uyoga. Kwa mwili mimi sijambo, na tumbo limefika pale pa kunikataza kuinama. Kwa moyo si mzima, ndiyo maana naandika.

Mjomba, kama Mhina yuko hapo kwako, usimgombeze kabla hujaimaliza barua hii. Kama hayupo, basi sijui mume wangu yuko wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Meneja wa shamba alimpa Mhina kazi ya pembeni: vichwa vya chuma vya virungu vya gofu, ule mchezo wao wa kupiga kijipira kwenye majani. Anataka kumzawadia rafiki yake anayerudi kwao Ulaya. Kila kichwa kigongwe herufi za jina la huyo rafiki, kisha herufi zijazwe rangi. Mhina anabana chuma kwenye jiliwa kule karakana na kugonga herufi moja moja kwa nyundo. Mimi najaza rangi hapa nyumbani kwa unyoya wa kuku, nafuta iliyozidi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, inabaki ile ya ndani ya herufi tu. Mkono wangu umetulia. Wake, kwenye rangi, unatetemeka kama wa mlevi, na mwenyewe anakiri.

Kichwa cha mwisho kilikuwa kigumu, herufi hazikuzama. Basi mwanafunzi wako wa uhunzi akakumbuka neno lako, kwamba chuma kisichoota moto hakisikii. Akakitia motoni kama jembe. Herufi zilizama vizuri sana, lakini ule weupe wa kung'aa uliondoka, kikabaki na mawimbi ya kahawia, zambarau na buluu. Jembe halina uso wa kuharibika, Mjomba. Kile kilikuwa nao.

Alikizungushia khanga yangu akakisukuma chini ya kitanda, na kulipokucha nikakuta upande wake mtupu. Jirani yetu Tatu alimwona akidandia lori la mkonge kuelekea Korogwe. Nilituma mtu kwa dada yake pale Masuguru, dada akasema hajamwona. Na wewe unajua hali ilivyo. Tangu Azimio la Arusha litangazwe, watu hapa wanaulizana shamba litakuwa la nani na nani atabakizwa kazini. Fundi anayetoweka na kazi ya meneja haijaisha ataitwa mwizi tu, na sisi tutatolewa kwenye nyumba hii. Mimi na tumbo hili twende wapi?

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikakitoa kile kichwa nikakijaza rangi nyeupe, maana sikuona kwa nini kiungue halafu kikose na rangi.

Jana Meneja akaja mwenyewe mlangoni. Akavitazama vilivyo kwenye mkeka, akauliza kimoja kiko wapi. Nikakitoa kwenye khanga nilikokirudisha. Akakipeleka juani, akakigeuza, nami nikasoma kila sura ninayoijua. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Nani natengeneza rangi hii? Mimi nataka yote namna hii."

Mdomo ukatangulia akili. Nikamwambia huo ndio ufundi wa wahunzi wa Kizigua, na kwamba Mhina amekwenda kwa mwalimu wake Handeni, yaani wewe, kutafuta mkaa wake maalumu. Akasema vyema, vyote viwe hivyo Ijumaa, naye atamtaja Mhina kwa hao watakaochagua mafundi wa kubaki. Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba, na yangu inaishia Ijumaa.

Sasa naogopa asirudi, na naogopa arudi. Unamjua mkweo. Mbuzi wa watu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Atapita ofisini kukiri kila kitu kabla hajafika nyumbani. Akiwa hapo, mfunge mdomo kwanza ndipo umpandishe basi, na umpe gunia la mkaa, wowote tu, maneno yangu yapate kuwa ya kweli.

Jana jioni nilitia panga la jikoni kwenye moto. Rangi inakuja manjano, kahawia, zambarau, halafu buluu. Ukizubaa inageuka kijivu, imekwenda. Nimerudia kwa kisu na kwa mwiko wa bati, na sasa napajua pale pa kutoa. Rangi niliyojaza itaungua, lakini nitaijaza upya.

Ule mwiko wako naujua. Ulinifukuza uhunzini tangu nikiwa mtoto, ukasema mwanamke hausogelei moto wa chuma, na mwenye mimba hata kivuli chake kisifike. Nimelala na neno hilo mkono ukiwa juu ya tumbo. Mtoto anacheza, na kila akitulia naogopa.

Naomba ruhusa yako nivitie motoni vichwa hivi mimi mwenyewe. Lakini mto umejaa, basi la Handeni halivuki kila siku, na jibu lako halitafika kabla ya Ijumaa. Siku uliponiuliza kama namtaka Mhina, nilinyamaza, ukawaambia wazee kwamba kunyamaza ni kukubali. Na mimi nakuchukulia hivyo hivyo. Utakapoisoma barua hii, moto nitakuwa nimeshauwasha.

Nisalimie Mkazamjomba Fatu, Kibwana na wanawe, na Mzee Koikai akija kunoa mikuki yake. Mungu akupe afya na usingizi mwema. Mimi usiniombee, mwombee huyu aliye tumboni.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ninapovunja mwiko wako,
Zamda