Nyumba ya Rongo Uliyoikataa

Doha

Kaka yangu Okoth,

Nakusalimu kabla sijakasirika, maana nikianza na hasira nitasahau salamu, na Mama hakutulea hivyo. Hujambo wewe na watu wa nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje na baridi ya asubuhi ya ziwani? Na samaki je, wanapatikana, au bado mnarudi Rusinga na nyavu zilizojaa magugu? Mimi ni mzima. Joto la huku limepungua kidogo, tunaweza kutengeneza malori mchana bila spana kutuchoma mikono. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kila nikikupigia simu na kuanza habari ya nyumba, mtandao wako unaharibika. Chacha, mwenzangu wa chumbani anayetoka Kegonga, anakuja likizo na atampa mke wangu Akinyi barua hii akuletee mkononi.

Kaka, umeniumiza. Nimetafuta neno lingine nimelikosa.

Unajua tulivyoihangaikia nyumba ile. Akinyi anafundisha Homa Bay, na mimi nikirudi mwisho wa mwaka kazi yangu iko gereji, Migori. Tukikaa Homa Bay, mimi ndiye wa kushinda barabarani. Tukikaa Migori, ni yeye, na watoto watakuwa wanamwona wakiwa na usingizi tu. Rongo iko katikati, kila mmoja anakwenda upande wake na jioni tunakutana mezani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mjane aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Vyumba vitatu, jiko la nje, kisima, na migomba kidogo huko nyuma. Picha yake niliibandika ukutani juu ya kitanda changu. Wenzangu wakaanza kugawana vyumba, Chacha akasema yeye atalala jikoni karibu na chakula. Nilicheka sana siku hizo.

Nilikuomba uende na Akinyi kuiona kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wangu na Baba hatunaye tena. Akinyi alinieleza ulivyogonga kuta, ukapanda kukagua mabati, ukaonja maji ya kisima, ukala ugali wa yule mama na kuusifia. Mlipotoka ukasimama kwenye lango, ukalitazama juu mpaka chini. Kesho yake ulimpigia simu yule mama ukamwambia familia haijakubaliana, asipokee chochote kutoka kwangu mimi Ouma. Mama wa watu anaogopa kesi za ardhi, akamuuzia mtu mwingine. Nilikuwa chini ya lori Akinyi aliponipa habari hizo. Nilibaki pale chini mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimeumia.

Sababu yako nimeisikia kwa Baba Mdogo. Ulimwambia, "Hiyo si nyumba tu. Iko na geti yake, iko na jiko yake, hiyo ni dala kamili. Ouma anataka kuniruka." Kwamba mdogo hawezi kuwa na boma lake kabla ya mkubwa wake. Sasa Mama naye ameingiwa na hofu ya chira, hapati usingizi, anaona laana itawashukia watoto wangu. Hofu hiyo amepewa na nani kama si wewe?

Lakini Akinyi alipochoka kuamka gizani huko kisiwani ili aiwahi shule, akapanga chumba kimoja Homa Bay, ni wewe uliyembebea kitanda. Ulijitwika godoro, ukamfungia pazia, ukasimama katikati ya chumba ukamwomba Mungu akibariki. Kwa hiyo nikipanga maisha yangu yote, nikamtajirisha mwenye nyumba mpaka nizeeke, sijakukosea kitu. Nikinunua, nimekuruka. Watoto wangu wanalala sakafuni kwenye chumba hicho ulichokibariki, vichwa vyao karibu na jiko la gesi. Nieleze hiyo mila inamlinda nani.

Nilimsimulia Chacha. Wakuria nao wana mila zao nzito, kwa hiyo hakucheka. Aliniuliza tu, "Sasa huyo brother yako, nani amemkataza kujenga yake?" Nikamgeuzia habari, maana hilo si la kumpa mtu wa nje. Jibu tunalo sote nyumbani, hakuna anayelitamka, na leo nitalitamka hata kama utanichukia. Shamba alilokugawia Baba lipo. Mabati yako yamelala nyuma ya nyumba ya Mama miaka yote hii mpaka kuku wanataga ndani yake. Baba Mdogo yuko tayari kukusimamia siku yoyote. Hujengi kwa sababu siku ya kwenda kuanzisha dala mtoto wa kiume hutembea na baba yake amebeba shoka, na wewe Mungu amekupa mabinti wanne. Nilikuambia umchukue mwanangu Baraka akubebee, hilo linaruhusiwa, ukasema hutaki kisiwa kizima kione umeazima mtoto. Nilikuonea huruma, na bado nakuonea. Umekaa kwenye simba, kijumba ulichojenga ukiwa kijana, pale karibu na lango la Mama, mpaka mvi zimekuingia. Lakini aibu yako sasa wanailipia watoto wangu, na hapo ndipo huruma yangu inapoishia.

Akinyi amepata nyumba nyingine, upande wa pili wa soko la Rongo, ndogo kuliko ile. Safari hii alikwenda kuiona peke yake, na muuzaji hana namba yako. Tutainunua. Sikuombi ruhusa, nakuarifu, na ninasikia uchungu kumwandikia hivyo mtu aliyenifundisha kuogelea. Ningependa kuingia humo nikiwa mdogo wako niliyekufuata nyuma. Una muda mpaka mwisho wa mwaka. Jenga hata chumba kimoja, nami nikifika nitashika nyundo tumalizie pamoja. Usipojenga tutahamia hivyo hivyo, na Mama nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso.

Msalimie Mama sana, umwambie dawa ya goti anayo Chacha. Msalimie shemeji, mama wa wasichana wako, nasikia biashara yake ya dagaa wa omena pale Mbita imechangamka na nimefurahi. Baba Mdogo mwambie nimepata ujumbe wake na simlaumu.

Adhiambo, binti yako kifungua mimba, sina haja ya kumtumia salamu, tumeongea Jumapili baada ya kanisa. Alinisimulia kwamba juzi alikuwa anampasulia bibi yake kuni, wewe umekaa hapo unashona nyavu, akakuuliza, "Baba, kwani hiyo shoka ya dala iko na kilo ngapi?" Ukainuka ukaenda zako ziwani.

Mimi unaweza kukaa bila kunijibu, nimezoea. Mjibu yeye.

Mdogo wako,
Ouma