Fatta ya Iddi Waliyokula Bata

"Fatta yangu ya Iddi mmewapa bata!" Ndivyo Inshirah wa ghorofa ya pili alivyonipigia kelele ngazini sasa hivi, shoga. Jengo zima limetoka kusikiliza!

Alipanda juu ya paa ninakofugia bata, akakuta wanagombania wali na nyama ya fatta yake, samli inawachuruzika midomoni.

"Nimekupa paja," anasema. "Paja! Na mumeo kila nikimkaribisha anaonja tonge moja, anakimbia. Chakula changu kina najisi?"

Nikamjibu, "Samli yako inanuka!" Ndiyo, nilisema. Ningefanyaje, na mume wangu Fahmi aliniapisha nisitoe siri yake?

Akaniita mwana wa barabarani. Nikavua kandambili. Kandambili, shoga, nilikuwa tayari nimeiinua juu!

Ndipo Fahmi akatoka. Fahmi huyuhuyu asiyewaambia hata ndugu zake! Akasema mbele ya watu wote:

"Madaktari walinitoa kibofu cha mkojo chenye saratani, wakanishonea kingine kwa kipande cha utumbo wangu. Utumbo uliobaki hauwezi mafuta. Nikila samli naharisha kabla sijafika kwangu. Nilikuwa naikimbia aibu, mama, si chakula chako."

Mimi na kandambili yangu mkononi.

Unadhani Inshirah aliniomba radhi? Thubutu! Akanikodolea macho: "Eti samli yangu inanuka! Mwongo mkubwa wewe!"

Kisha akausukuma mlango wake ukafunguka kwa kishindo, akamwambia Fahmi: "Ingia ule, Abu Nadim. Kuna wali mkavu na kuku wa kuchemsha. Na choo kiko hapo hapo, nyuma ya kiti chako."