Nilikuambia Upande Mahindi

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nimechoka. Leo nimepewa barua ya onyo kazini, kwa kumwambia mgonjwa ukweli ambao mwanawe hakutaka ausikie.

Ulipokuwa hai nilikuwa muuguzi wa kawaida. Jambo zito likija, nilikuwa na pa kujificha: nilimwachia daktari aliseme. Ulipoondoka nilirudi masomoni, nikasomea kuwahudumia watu ambao maradhi yao hayaponi. Siku hizi nasoma majibu ya vipimo mwenyewe, naandika dawa mwenyewe, na mgonjwa akitaka kujua hali yake, wa kumweleza ni mimi.

Mwezi uliopita aliletwa kituoni kwetu Bi Mwanaisha, mzaliwa wa Lamu aliyekuwa akiishi mtaa wa Muyeye. Saratani ilishafika kwenye ini. Mwanawe, Athman, alinivuta kando. "Sista, nakuomba, mama asijue. Mwambie ni vidonda vya tumbo. Akijua atakata tamaa."

Nikamwambia sitamweleza ila atakachoniuliza. Nilidhani nimeponea hapo.

Athman alipokwenda kuchukua dawa, Bi Mwanaisha akanishika mkono. "Mwanangu, mimi napona?"

Hapo nilikuona wewe, mama. Siku ile Kilifi ulikaa kwenye benchi, umejifunga leso mpya uliyosema ni ya kuendea hospitali, ukaniuliza, "Masika haya nipande mahindi, ama nipumzike?" Karatasi zako za vipimo nilikuwa nimeshaziona. Nikacheka. "Panda, mama. Utavuna." Ukarudi Matsangoni ukainama na jembe, tumbo likikuuma, kwa kuwa bintiyo muuguzi amesema utavuna. Mahindi yale tuliwapikia waliokuja matangani.

Nikamwambia Bi Mwanaisha, "La, mama. Hutapona. Lakini maumivu nitajitahidi yasikutese."

Aliuachia mkono wangu, akavuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema, "Nina dada yangu Lamu, miaka hatusemezani. Mwiteni."

Dada akaja. Siku nne walikaa chumba kimoja, mara wakicheka, mara wakilia. Siku ya tano Bi Mwanaisha akaacha kula. Wiki haikwisha, akafariki.

Athman akanishtaki kwa mkuu wa kituo chetu cha afya. "Mama yangu alikuwa akila mpaka alipozungumza na huyu," alisema, machozi yakimtoka. Ni kweli alikuwa akila. Mkuu akauliza mbona sikuita kwanza jamaa zake. Nikasema aliyeuliza ni Bi Mwanaisha mwenyewe, na mwili ni wake. Lakini mambo hayo husemeka kwa wepesi darasani kuliko mbele ya mtu aliyefiwa.

Kuna jambo sikuliandika katika maelezo yangu. Sijui kama nilimjibu Bi Mwanaisha kwa sababu ilikuwa haki yake, ama kwa sababu yako. Naligeuza kila siku na sipati mwisho wake. Nilijiambia nakulinda, mama, kumbe nilijilinda mimi, nisiuone uso wako ukisikia. Nawe ulikuwa na watu wako wa kuwaita. Sikukupa nafasi.

Nimepewa wiki moja nipumzike, kisha nirudi kwa wagonjwa wangu. Kesho nakuja nyumbani. Nitakaa kando ya kaburi lako nikuambie kwa mdomo wangu, ingawa nimechelewa: mama, hukuwa wa kupona, nami nilijua.

Mwanao,
kifungua mimba wako.