Karatasi Kumi na Moja za Ayany

Jumatatu, 3 Machi 2025

Zimetoka! Karatasi mia tano za kijani, wino mweusi. NELIMA, KAVA ZA VITI VYA GARI — KABIRO, KAWANGWARE, NYUMA YA GHOROFA MPYA. Hiyo "nyuma ya ghorofa mpya" imeniuma kuichapisha. Miaka sita wateja waliniona kutoka barabarani. Sasa mwenye ploti ya mbele amejenga orofa tano, na kibao changu kinatazama ukuta. Wiki tatu hakuna gari hata moja lililoingia. Makau, tunayeshona naye, anasema tutulie, watu watatuzoea huku tulipo. Mimi siwezi kutulia. Tukienda hivi mpaka Aprili tunafunga, basi.

Kibali cha kusambaza ninacho pia. Siku mbili nimezunguka maofisi! Wa kwanza alisema ni marufuku kabisa kuweka karatasi kwenye gari la mtu. Wa pili akasema inaruhusiwa, ila si katikati ya mji. Wa tatu, msichana mpole, alifungua faili, akasoma kwa kidole, akasema lete karatasi moja tuione, jaza fomu, na usiguse gari lililo ndani ya ua wa mtu kama mwenyewe hajakubali. Barabarani je? Barabarani sawa, bora karatasi zisizagae. Akagonga mhuri. Siku thelathini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza mtaa wa Ayany, saa kumi na mbili asubuhi, watu hawajatoka kwenda kazini. Kutoka Kianda ninakoishi ni kutembea tu. Wengine huweka karatasi ovyo. Mimi nachungulia kwanza kiooni, natazama viti, halafu naandika juu ya karatasi kwa kalamu: namba ya gari na ugonjwa wa kiti. "Kiti cha dereva kimechanika upande wa mlango." "Nyuma sponji inaonekana." Namba naiandika kwa mazoea tu. Karakana kila kipande nikikikata nakiandika namba ya gari kwa chaki, la sivyo kava ya Probox inaishia kwa Vitz. Kisha karatasi naiingiza chini ya waipa ya kioo, taratibu.

Magari hamsini na nane, yote ya kando ya barabara. Boaz, soja wa geti, alicheka sana. "Mama Derrick, sasa unapima gari presha?"

Saa nne simu ya kwanza. Mwanamume. Nani amenipa ruhusa kuchungulia gari yake, mimi ni mwizi? Nikamwambia mwizi haachi namba ya simu. Akakata.

Jumatano, 5 Machi

Magari mawili leo! Na simu ya Madam Immaculate wa Ayany, mwenye vani tatu za kubeba watoto wa shule. Anasema karatasi yangu ameibandika kwenye friji. Imemfurahisha, kumbe kuna mtu anayeangalia kazi kabla ya kuomba kazi. Anataka vani zote tatu zishonwe likizo ya Aprili. Viti arobaini na viwili! Makau akaenda kutia cherehani mafuta. Hiyo ndiyo furaha yake. Mimi niliimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshikwa.

Nilikuwa nimerudi Ayany na karatasi nyingine, niko gari la sita au la saba. Askari wawili wa kanjo, wale wa jiji, na nyuma yao Mzee Irungu, mwenyekiti wa wakazi, na bahasha kubwa ya kaki. "Ni huyu." Nikatoa kibali. Askari mmoja akakisoma mara mbili, akamwonyesha mwenzake. "Mzee, lakini huyu ako na permit." Nikadhani yameisha. Mzee Irungu akamwaga bahasha juu ya boneti. Karatasi zangu, kumi na moja, alizookota kando ya barabara na kwenye mtaro.

"Na hizi? Permit imemwambia achafue estate? Hii place nimeichunga miaka ishirini!"

Nikasema mimi niliweka kwenye magari, sikutupa chini. Askari akanijibu, wala si kwa ubaya: "Mathe, jina ni yako, namba ya simu ni yako. Hiyo utaeleza mbele." Kweli, jina ni langu.

Benchi la ofisi yao mpaka saa tisa. Shtaka: kutupa taka mahali pa umma. Nilihitaji mtu wa kunidhamini. Makau kitambulisho chake kilipotea Krismasi. Dada yangu yuko Bungoma. Nikampigia Madam Immaculate, aibu tupu, mteja hata hajaniletea gari. Alikuja! Akapanga foleni, akatoa kitambulisho, akatia sahihi. "Hii ni upuzi, Mama Derrick. Mimi niko na wewe mpaka mwisho." Nililia kidogo ndani ya vani yake. Viti kweli vimechoka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani, dukani, mlangoni kwangu, ushauri ni mmoja: sema ndio, kubali kosa. Kortini watu hamsini wanasema ndio kwa nusu saa, mnapewa adhabu ndogo, saa sita uko nyumbani. Ukisema hapana umeanza safari ya nenda rudi. Dada yangu Nanyama naye amenipigia kutoka Bungoma kuniambia hayo hayo. Bungoma wamejuaje!

Makau: "Sema ndio turudi job. Unataka kushindana na kanjo ya nini?"

Sishindani na mtu. Lakini nikisema ndio, nimekubali kwamba kuweka karatasi kwenye gari ni kuitupa. Sasa kibali nilikitafuta cha nini? Sitaweka nyingine tena hata moja, na bila karatasi hakuna atakayejua tuko nyuma ya ghorofa. Halafu, sikutupa! Hilo watu wanalipita kama si kitu. Sikutupa.

Nimeamua.

Jumatatu, 10 Machi

Tuliitwa zaidi ya watu thelathini kwa pamoja. Wachuuzi, makanga wa matatu, kijana aliyekojoa ukutani. Ndio. Ndio. Ndio. Zamu ikanifikia.

"Si kweli."

Karani aliinua kichwa. Hakimu, mama mwenye miwani, akauliza kama nimeelewa shtaka. Nimeelewa, mheshimiwa. Karatasi ni zangu, aliyezitupa si mimi. Mama wa mboga nyuma yangu akanong'ona, "Wueh! Huyu atatulaza hapa." Sauti haikutetemeka. Nimejisifu kwa hilo njia nzima ya kurudi.

Kesi itasikizwa tarehe 24. Kufikia tarehe 17 nipeleke ushahidi wangu kwa maandishi. Wao watanipa picha za zile karatasi. Wenzangu wote waliosema ndio walikuwa wameondoka kabla sijatoka mlangoni.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata picha! Nikazitandaza kwenye meza ya kukatia, zote kumi na moja. Na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, kwa hofu yangu yote ile — mwandiko wangu uko juu! Namba za magari! Kila karatasi inasema yenyewe ilikuwa kwenye gari gani. Nilipiga kelele mpaka Makau akajichoma sindano. Si upepo huu. Nyingine zimekunjwa, nyingine zimefinywa zikawa donge. Mtu alizitoa chini ya waipa kwa mkono wake akazitupa.

Jioni nikapita Ayany kuzilinganisha na magari. Boaz anayajua yote. La kwanza la mwalimu mmoja. La pili la kijana wa benki. La nne, nilicheka mpaka nikashika geti, la Mzee Irungu mwenyewe! "Kiti cha nyuma mshono umeachia." Aliitupa, akaiokota, akaleta kesi. Boaz alicheka pia, halafu akakumbuka kazi yake. "Mimi sijaona kitu, Mama Derrick. Niko na watoto."

Ya kumi na moja aliitazama akanirudishia. Imekunjwa mara nne, chingamu ndani. KDH, inaishia na T. "Vani, kiti cha kati kimepasuka."

Ni vani ya Madam Immaculate.

Nilimwambia Boaz lazima kuna nyingine inayofanana. Hakuna. Siku ile ya kwanza vani yake iliyokuwepo ni hiyo moja, mbili zilikuwa gereji. Niliacha karatasi moja kwake. Moja tu. Sasa ile ya kwenye friji ni ipi?

Alhamisi, 13 Machi

Sikushona kitu cha maana. Nimefumua mshono mmoja mara tatu.

Makau anasema niandike kumi, ya kumi na moja niiache, nani atahesabu? Hakimu atahesabu! Picha ni kumi na moja. Nikitaja magari kumi, ile isiyo na mwenyewe itabaki kuwa yangu, na kosa la karatasi moja ni kosa tu. Tena namba inasomeka pichani. Wataona nimechagua wa kumtaja na wa kumficha, na zile kumi nazo hawataziamini.

Nikimtaja? Anaweza kujitoa kunidhamini, nirudi kwenye benchi. Na vani tatu zinaenda. Makau amekwisha kukopa leza, ngozi ya kushonea viti, kwa ajili ya hizo vani, kwa jina lake. Nimeogopa leo kuliko siku ile niliposhikwa.

Na nina hasira naye! Si kwa kutupa. Watu hutupa. Mimi mwenyewe nimepewa karatasi za waganga wa meno njiani nikazitupa kabla ya kona. Ni friji! Nani alimwuliza habari za friji? Angesema tu nimeona karatasi yako. Halafu nakumbuka alivyosimama kwenye foleni ile, jua kali, kwa mtu asiyemjua vizuri. Basi nashindwa kumkasirikia mpaka mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Amepiga mwenyewe, asubuhi. Kesi imefika wapi? Nikamwambia karatasi zina namba za magari. Nilisikia akicheka, kicheko cha kweli. Nitume orodha, ataichapa ofisini kwake na kuipeleka Jumatatu akienda mjini. "Hao watu lazima wajulikane, Mama Derrick. Andika wote, usiogope mtu."

Wote, amesema. Hakumbuki? Au anadhani yake ilipotea huko mtaroni? Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapo hapo. Nikasema asante sana madam. Mwoga mimi! Kortini nilipata sauti, kwa simu nimeikosa.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nane mchana. Makau ameenda kwao Machakos kwa matanga. Niko peke yangu karakana, mlango wazi, mwanga wenyewe ni huu unaopita kando ya ghorofa.

Nimeandika orodha. Ya kwanza ilikuwa na kumi. Niliitazama ikanitazama. Nimeichana.

Ya pili ina kumi na moja. Nimeandika kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja: picha, namba ya gari, nilichoandika, ilivyopatikana. Kwa Mzee Irungu sikuongeza neno, ingawa mkono uliwasha. Kwa ya mwisho nimeandika vile vile kama za wengine. "Imekunjwa mara nne." Chingamu nimeitaja. Nimefikiria sana kuhusu chingamu, lakini kwa wengine nimetaja mpaka tope.

Nimempigia kwanza, ajue kutoka kwangu na si kutoka kwa karatasi. Mara mbili. Hakushika. Labda yuko na watoto wa masomo ya Jumamosi.

Saa nane na nusu. Nimepiga tena. Hakushika. Ofisi yake inafungwa saa tisa, na Jumatatu ni tarehe 17.

Nimemwandikia: "Madam, kabla hujachapa, tafadhali soma namba ya mwisho. Sijaandika kwa ubaya. Ulinisimamia na sitasahau hilo maishani. Kama kuna maelezo niko tayari kuyasikia. Lakini mimi sikutupa, na siwezi kusema nilitupa. Kama hutaki kuichapa naelewa, nitaipeleka kwa mkono." Nikapiga picha orodha, nikaituma pamoja nayo. Kidole kilikuwa na jasho mpaka simu ikakataa mara ya kwanza.

Saa tisa kasoro dakika kumi. Ameona. Alama zimekuwa za buluu.

Nimeinuka, nimefagia vipande vya leza, nimekaa tena. Nikifuta sasa itabaki tu ile alama kwamba nimefuta, na atakuwa ameshasoma. Au hajafungua picha, amesoma ujumbe tu. Bado naweza kufuta.

Inaonyesha anaandika.

Ameacha.

Sijafuta. Sifuti. Anaandika tena —