Kimondo cha Shemeji Wani

Malakia, Juba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yanaendeleaje? Sisi huku ni wazima, wajukuu zako wanakula na kugombana kama kawaida.

Nakuandikia nikiwa na hasira, nakuambia mapema usije ukashangaa. Unalijua lile shamba la Rejaf alilotuachia marehemu mume wangu Pitia. Nilikuwa napalilia karanga mchana, mshindo ukalia angani, kitu kikaanguka mwisho wa shamba. Tukachimba na watoto, tukatoa jiwe jeusi, dogo lakini zito ajabu. Mwalimu wa misheni akasema ni kimondo. Mimi figa langu moja lilikuwa limepasuka, basi nikaliweka jikoni nikapikia.

Wani, mdogo wake Pitia, aliposikia alikuja na gunia, akalichomoa chini ya sufuria. Maharagwe yakamwagika majivuni, watoto wanatazama. Akalipaka jiwe mafuta ya simsim, akatangaza kwamba mbingu zimemteua kuwa mwenye mvua, yule wa kuita mvua inyeshe. Na shamba lililoangukiwa na jiwe, akasema, si la mwanamke wa kuja. Akanifukuza, mtama wangu ukiwa umefika magotini. Ndiyo maana nauza chai hapa Malakia.

Lakini tamaa ilimpofusha. Huku mwenye mvua hupewa mbuzi na pombe, na mvua ikikataa, anaadhibiwa yeye. Wani amekula mbuzi za watu na mbingu bado kavu. Juzi wazee wa Rejaf walimleta kwangu pamoja na vijana wenye fimbo. Alikuwa amelikumbatia jiwe.

"Shemeji, ambia hawa watu hii jiwe iko yako," akasema kwa Kiswahili cha huku. "Wewe ndiyo litoa kwa shamba. Chukua, na shamba chukua."

Nilimtazama mpaka nikashiba. Kisha nikawaambia wazee kwa Kiswahili hicho hicho: "Shamba iko ya watoto ya Pitia, nyinyi nasikia yeye nasema. Lakini jiwe iko yake. Yeye mwenyewe lisema mbele yenu."

Wakakubali. Shamba limerudi, nahamia wiki hii. Wani anakaa kwake akilindwa, anapaka jiwe mafuta, na wamemwambia mvua isiponyesha kabla ya mwezi mwingine kuandama, ataondoka Rejaf mikono mitupu. Nimefurahi, Mama. Nimefurahi sana.

Nisalimie mjomba fundi cherehani, dada yangu mkunga na mume wake mpole, na yule shangazi anayeniombea mvua kila Jumapili. Mwambie mwezi huu apumzike.

Najua utataka nisamehe. Usiniandikie hilo. Mtama wangu nao unakauka, majani yamejikunja, na sijui watoto watakula nini. Hata hivyo kila asubuhi natoka nje kutazama juu, na nikikuta hakuna wingu, namshukuru Mungu.

Ni mimi binti yako,
Rosa