Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Prizi za Boti ya Ramazani

Mama mkwe wangu mpendwa,

Leo nakuandikia moja kwa moja, bila kupitishia maneno yangu kwenye kitunga cha samaki. Nisamehe. Miaka yote niliyokuwa mume wa Marta, binti yako, mimi na wewe hatukuwahi kula sahani moja wala kukaa mkeka mmoja, na tukikutana njiani, mmoja wetu alikuwa anakumbuka ghafla kitu alichosahau nyumbani. Siku moja nilikugonga bega mlangoni pa kanisa, na kesho yake asubuhi nikatuma kuku kwako, kama inavyopasa mtu aliyemkosea mkwe wake. Mchungaji alihubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani. Naambiwa ulimjibu kwamba yeye bado hajaoza binti. Sasa umelala huko makaburini wiki ya sita, na nina neno ambalo nimelibeba tangu wakati wa vita.

Ni kuhusu zile prizi.

Unakumbuka jinsi Kamina ilivyojaa wanajeshi, ndege zinashuka kule base, kambi ya jeshi, toka alfajiri, na wewe ukaamua Marta hatajifungulia katika kelele zile. Ukamchukua na mimba ya miezi saba ukampeleka kwa ndugu zako Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mtoto hakungoja. Habari iliponifikia kwamba amezaliwa, na kwamba anaenea kwenye viganja viwili, nilikwenda kwa Ramazani, yule mfanyabiashara ambaye babu zake walikuja Kamina na misafara ya Maniema. Boti yake ilikuwa Bukama, inajiandaa kwenda kununua samaki. Akanichukua bila kuuliza maswali, kwa sababu umeme wote wa boti ile niliuweka mimi.

Umeme wenyewe ulikuwa ujanja wake wa vita. Mzungu mmoja aliyekuwa anakimbia nchi alimwachia sanduku la prizi, soketi za umeme zinazozimwa kwa mbali, na telekomandi yake, kidude cha vitufe kinachoenea mkononi. Ukibonyeza kile chekundu, prizi zote zinakata umeme kwa pamoja. Ramazani alifurahi mno. Wanajeshi wakitokea ukingoni, alisema, nabonyeza mara moja, taa zinakufa, friji inanyamaza, boti inakuwa gogo tu linaloelea. Nilizifunga prizi nne, nikazijaribu, zikafanya kazi. Nilikuwa najivuna nazo, sitakuficha.

Asubuhi tuliyoondoka Sanga kurudi, muuguzi alikuwa amemlaza mtoto ndani ya sanduku la sabuni lililojaa pamba, na juu yake balbu moja imefunikwa na kitambaa. Joto la balbu ile ndilo lililokuwa linamlea. Alituambia wazi kwamba mtoto akipoa, hatatupa nafasi ya pili. Marta alikuwa anatetemeka kwa malaria, hawezi hata kumshika. Balbu tukaichomeka kwenye prizi iliyo karibu na friji, na Ramazani akakukabidhi wewe telekomandi. Alisema wanaume wake wanasinzia, lakini mama yule hasinzii. Ukaketi kwenye benchi la mbele kulinda kingo za maji. Mimi nikabaki nyuma na jenereta, na katikati yetu mlitundika kitenge ili kila mtu abaki na heshima yake.

Hatukuwa tumemaliza kupenya matete ya ziwa uliposimama kwenda kumtazama mtoto, ukakuta giza ndani ya sanduku.

"Weye kitunga," ulikiambia kitunga cha samaki kilichokuwa karibu na pazia, "uulize ule fundi kama iko analala. Taa ya mutoto imezima."

Kitunga hakikujibu, nikajibu mimi, nikiiambia jenereta kwamba nakuja. Ulijiondoa kwanza ukaenda mbele kabisa, ukageuza uso, ndipo nikapita nikabonyeza kitufe kilicho kwenye prizi yenyewe. Taa ikawaka. Nikarudi nyuma. Baada ya kitambo ukaenda tena, ukakuta giza tena.

Kuanzia hapo nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nikasafisha plagi. Nikabadilisha prizi. Nikakagua mafuta na waya zote kwa vidole. Nikagundua kwamba zinazima zote nne kwa pamoja, kwa hiyo kosa si la prizi moja, na jenereta haikuwa inakohoa hata kidogo. Nikamshuku Ramazani na redio yake ya fonia, ile ya kuitana kwa mbali, maana redio ile ikianza kuongea inanyonya umeme. Nikamwomba aizime. Akaizima akinung'unika, na prizi zikaendelea kufa. Vijana wake wawili wa usukani walianza kusema ziwa linamkataa mtoto. Uliwanyamazisha kwa aya ya Zaburi.

Kisha uliita, na safari hii hukukiita kitunga.

"Baba, kuya hapa. Mutoto iko baridi."

Ndiyo siku pekee uliyonitazama usoni, mama. Nakumbuka macho yako, makubwa kama ya Marta, na hayakuwa na ukali wowote. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya majivu. Ulifungua blauzi yako palepale umweke kifuani, na mimi nikageuka haraka, nikakupa mgongo. Nilibonyeza prizi nikiwa nimegeuka hivyo. Friji ikaanza kunguruma mbele yangu. Nikasimama nimeikodolea macho friji ya samaki huku nikimwomba Mungu kwa sauti ya chini.

Nyuma yangu benchi likalia kwa uzito wako. Friji ikanyamaza.

Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nimekatazwa kutazama, basi masikio ndiyo yakafanya kazi. Nikabonyeza tena. Nikamnong'oneza Ramazani akuombe usimame kidogo, eti tunapitisha waya. Ukasimama, friji inanguruma. Ukaketi, benchi likalia, friji kimya. Sikuhitaji mara ya tatu. Kila mtu Kamina alijua mahali unapoweka vitu vya thamani: ufunguo wa kanisa, dawa ya Marta, kila kitu kilikuwa kwenye fundo la kitenge chako, kiunoni. Kila ulipoketi, fundo lilibanwa, na kitufe chekundu kikabonyezwa. Wewe uliyekuwa hulali kwa ajili ya mtoto yule, ndiwe uliyekuwa unamzimia taa.

Sasa niambie, mama, ningesemaje? Kwa kinywa gani mkwe ataje kiuno cha mama wa mke wake, mbele ya Ramazani na vijana wawili wa usukani? Na hata kama ningepata maneno, ningekutazama vipi ukijua kwamba ni wewe? Nilichukua kisu, nikaikata ile prizi, nikaunganisha waya wa balbu moja kwa moja na jenereta. Nikatangaza kwamba prizi zimeoza.

Ramazani alipandwa na hasira. "Prizi ya Bazungu haiwezi kuoza mu mwezi moya," alisema. "Njo weye uliziweka mubaya." Nikakubali kwamba niliziweka vibaya. Ukaketi, benchi likalia, na taa ikaendelea kuwaka. Ulimrudisha mtoto sandukuni, na kabla hatujafika Bukama alikuwa analia kwa sauti ya mtu mwenye deni la kudai maziwa. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Tukampa jina lako, Ngoie. Ndiyo maana nyumbani kwangu nilimbeba mgongoni mama mkwe wangu, nikamwosha, nikamchapa hata, na wewe ulikuwa unalicheka jambo hilo ukiwa jikoni kwako.

Lakini hukuniachia ile habari ya prizi. Uliisimulia kwa akina mama wa kwaya, kwenye misiba, sokoni. Mkwe wangu fundi, aliweka prizi za kuoza kwenye boti ya mtu. Watu walinitania miaka. Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Ngoie, ulimtuma mtoto mwenyewe, aliyekuita nkambo, bibi yake, aniletee kuku amefungwa miguu. "Nkambo anasema ni kuku ya fundi wa prizi za kuoza," alikuwa akisema, na Marta akicheka hadi machozi. Mimi nilimchinja kuku nikiwa nimenuna. Mara nyingine, nakiri, nilikaribia kusema ukweli ili nikunyamazishe. Namshukuru Mungu kwamba sikusema.

Baada ya mazishi tulifungua sanduku lako la bati. Chini kabisa, ndani ya kile kitenge cha safari, ilikuwa ile telekomandi, haina betri. Ramazani alikufa akiamini kwamba ilianguka ziwani, kwa sababu wewe, mjane wa mwalimu, mama wa kwaya, ndivyo ulivyomwambia. Nikamtazama Marta. Akaketi kitandani, akaniambia alichokula kiapo asikiseme ukiwa hai. Tulipofika Bukama, ulipofungua kitenge uoge, ulikuta alama ya vitufe imejichora kwenye ngozi. Ukaelewa yote, hata kwa nini niliikata prizi nikasema zimeoza. Ulilia, Marta anasema, ukiwa na sabuni mkononi.

"Nikamuambia, mama, kwenda umuambie asante," Marta alisema. "Mama akakataa. Akasema, akijua kama minyi nilijua, hataweza tena kupita mbele ya mulango yangu. Nitatuma kuku."

Kuku wa kumkosea mkwe, mama. Miaka yote ile ulikuwa unaniomba msamaha kila mwaka mbele ya watu wote, na mimi nanuna na paja mdomoni.

Ngoie ni mkubwa sasa, ana cheo cha kupigiwa simu na wagonjwa usiku na mchana kule hospitali, na mwezi huu siku yake ya kuzaliwa imepita. Kwa mara ya kwanza hakuna kuku aliyekuja. Nilimngoja siku nzima, halafu nikaona haya, maana mimi nami nina kosa langu: nilijua jambo la mwili wako ambalo mkwe hapaswi kulijua. Leo asubuhi nimepeleka kuku kwako, jogoo mweupe, nikamwacha mlangoni kwa mdogo wako. Kile kitunga cha samaki bado kimening'inia jikoni kwako. Nimesimama mbele yake nimekigeuzia uso wangu, na nimekiambia haya:

"Weye kitunga, umuambie mama, minyi sikuona kintu."

Mkwe wako, fundi wa prizi za kuoza,
Baba Ngoie